Zamu na Nafasi: Historia ya Kungoja

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya miti ya msitu wa Kakamega, chemchemi nyingi za vijijini huwa zimekwisha pata wageni. Wageni wenyewe si watu, ni mitungi. Imepangwa mmoja nyuma ya mwingine, mikubwa kwa midogo, ya manjano na ya buluu, toka penye mfereji wa maji hata juu kwenye njia. Wenye mitungi hawapo. Mmoja amerudi nyumbani kukama ng'ombe, mwingine amekwenda kuwaamsha watoto waende shule. Lakini kila mtungi una mwenyewe, na kila mwenyewe anajua mahali pake. Ole wake mtu atakayesogeza mtungi wa mwenziwe nyuma ili atangulize wake! Ugomvi wa siku hiyo hautakwisha upesi.

Katika desturi hii ndogo mna fikira kubwa. Mtungi umesimama badala ya mtu, na mtu amepata wasaa wa kufanya kazi nyingine. Haki ya zamu imetengwa na taabu ya kusimama. Ng'ambo ya bahari, katika bustani kubwa za michezo za Marekani, jambo lilo hilo lilitangazwa mwaka 1999 kuwa uvumbuzi mpya, na watu wengi wakalistaajabia. Insha hii yataka kueleza njia ndefu iliyopita baina ya mtungi wa chemchemini na mashine ya bustanini, na kuuliza swali ambalo kila kizazi hulijibu upya: penye wengi na kitu kichache, nani atangulie?

Zamani za kale swali hili lilijibiwa kwa nguvu au kwa cheo. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na maneno hayo yalikuwa maelezo ya dunia jinsi ilivyokuwa. Mfalme hakungoja, wala tajiri. Maskini alingoja mpaka wote wamekwisha. Kujipanga kwa kufuata aliyefika kwanza, bila kuuliza baba yake ni nani, ni desturi changa katika historia ya wanadamu. Thomas Carlyle, mwandishi wa historia wa Uingereza, alipotoa kitabu chake juu ya Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1837, aliona ni jambo la kutajwa kuwa watu wa Paris, katika njaa ya mwaka 1789, walijipanga safu mbele ya maduka ya mikate. Kama desturi hiyo ingalikuwa ya kawaida kwa wasomaji wake, asingalikuwa na haja ya kuieleza. Waingereza wenyewe, ambao siku hizi husifiwa kwa kupenda safu, walizidi kuizoea katika Vita Kuu ya Pili, wakati chakula kilipogawiwa kwa vipimo kuanzia mwaka 1940 hata mwaka 1954. Mtu aliyeshika kitabu chake cha posho alijua kuwa fungu lake ni sawa na la jirani yake, na kwa ajili hiyo alikubali kungoja.

Katika Afrika ya Mashariki safu ilikuja kwa njia kadha wa kadha, na moja ya njia hizo ilikuwa jeshi. Neno foleni, tunalolitumia kila siku, latokana na amri ya Kiingereza ya kuwaita askari wajipange. Basi neno lilianza uwanjani pa gwaride kabla ya kufika dukani na posta. Njia ya pili ilikuwa reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kichwa chake kikafika ukingoni mwa Ziwa, mahali paitwapo leo Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901. Toka Kisumu hata mji wa Kakamega ni mwendo wa kilomita hamsini hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi la reli lilifika Butere, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kakamega. Wakati uo huo dhahabu ilikuwa imevumbuliwa Kakamega, mwaka 1931, na watu wengi wakamiminika kuitafuta.

Reli ilileta mambo mawili yasiyojulikana hapo kwanza. La kwanza ni tikiti, yaani karatasi inayosema kuwa nafasi hii imekwisha kuwa yako hata kabla hujaiona. La pili ni madaraja. Gari lilikuwa moja, moshi ulikuwa mmoja, na wote waliwasili saa moja. Lakini mabehewa hayakuwa sawa. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda na nafasi zilizowekwa mbele kwa jina la msafiri. Daraja la tatu lilikuwa na mbao za kukalia, na aliyewahi ndiye aliyekaa. Katika siku za ukoloni madaraja haya yalifuatana sana na rangi za watu: Mzungu alitazamiwa daraja la kwanza, Mhindi la pili, na Mwafrika la tatu. Hali kadhalika hospitali, shule na hoteli zilitengwa. Mwafrika wa zamani zile alijifunza kuwa ziko safu mbili duniani: moja aionayo mbele yake, na nyingine asiyoiona, ambayo watu wake hupita kwa mlango mwingine.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, alama ya rangi iliondolewa mlangoni. Madaraja ya gari hayakuondolewa. Mtu mweusi mwenye fedha aliweza sasa kulala daraja la kwanza, na asiye na fedha alibaki kwenye ubao wake. Jambo hili lilikuwa maendeleo, tena makubwa, kwa kuwa fedha yaweza kutafutwa na rangi haiwezi. Walakini yafaa tukumbuke kuwa mlango wa pili haukufungwa. Ulibadilishiwa ufunguo tu.

Lakini isidhaniwe kuwa fedha peke yake ndiyo adui wa safu. Katika Kenya tulipata fundisho chungu mwaka 1988. Mwaka ule chama cha KANU kiliwachagua wagombea wake wa Bunge kwa kuwapanga wapiga kura nyuma ya wale waliowataka, badala ya kutumia karatasi za siri. Watu waliuita uchaguzi wa mlolongo. Ilifikiriwa kuwa hapana hesabu iliyo wazi kuliko hiyo, maana kila mwenye macho aliweza kuona. Hata hivyo katika sehemu nyingi wananchi walilalamika kuwa mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na mrefu kuwa mfupi. Malalamiko yalikuwa makubwa hata chama chenyewe kikaiacha desturi hiyo mwaka 1990. Fundisho lake ni hili: safu hailindwi na urefu wake wala na uwazi wake; hulindwa na uaminifu wa mwenye kuihesabu.

Sasa na tuvuke bahari. Tarehe 17 Julai 1955, katika mji wa Anaheim, jimbo la California, Walt Disney alifungua bustani ya michezo iliyoitwa Disneyland. Ndani yake mlikuwa na magari ya kupanda, mashua, treni ndogo na nyumba za maajabu. Mwaka ule ule uongozi wa bustani ulianza kuuza vitabu vya tikiti zenye herufi. Herufi A ilikuwa ya michezo midogo, na kadiri herufi zilivyosonga mbele ndivyo mchezo ulivyokuwa mkubwa, mpaka herufi E ikaongezwa mwaka 1959. Mwenye tikiti chache za E alizitumia kwa hadhari, kama mtu atumiavyo akiba. Mwaka 1982 vitabu hivyo viliachwa. Mgeni akawa analipa mara moja langoni, kisha anapanda chochote apendacho mara apendazo.

Msomaji aliye mwepesi wa fikira ataona mara moja lililotokea. Kitu kisicho na bei ya fedha hupata bei nyingine, na bei hiyo ni wakati. Michezo mizuri ilipokuwa haina tikiti yake peke yake, kila mtu aliitaka, na safu zikawa ndefu. Familia iliyosafiri mbali na kutumia akiba ya mwaka mzima ilijikuta imesimama juani sehemu kubwa ya siku.

Hapo ndipo mwaka 1999 kampuni ya Disney ilipoleta utaratibu ulioitwa FastPass. Mgeni alitia tikiti yake ya langoni katika mashine iliyokuwa karibu na mchezo, naye akapewa kikaratasi chenye saa ya kurudi. Aliporudi katika saa hiyo alipita kwa njia fupi. Kikaratasi kilitolewa bure kwa kila aliyeingia, na haikuruhusiwa kuchukua vingi kwa pamoja. Je, si mtungi wa chemchemini huu? Karatasi imesimama badala ya mtu, na mtu amekwenda kula, kupumzika, au kununua vitu madukani. Jambo hili la mwisho bila shaka halikuwachukiza wenye maduka.

Jambo la ajabu ni kwamba mojawapo ya mahali utaratibu huo ulipotumika pana jina letu. Katika bustani ya wanyama ya kampuni hiyo, iliyofunguliwa Florida tarehe 22 Aprili 1998, mmejengwa kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Kuta zake na vichochoro vyake vimefuata mfano wa Lamu, na mapaa ya makuti na nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu waliotoka Afrika ya Kusini. Maandishi ya Kiswahili yamebandikwa ukutani, na wageni hupanda malori ya wazi kwenda kuwatazama twiga na simba katika mchezo uitwao Safari za Kilimanjaro. Jina la kijiji latokana na neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa jipya mwaka 1963, neno la watu wanaovuta kamba moja kwa pamoja. Nao wageni wa Harambe ile, wakifika mbele ya malori, hukuta milango miwili: mmoja wa waliojiwekea nafasi, na mmoja wa wanaongoja.

Yafaa sasa tupige hesabu kidogo, maana katika habari hii hesabu husema kweli kuliko matangazo. Tuseme kuna gari la michezo liwezalo kuchukua watu 1,000 kwa saa moja. Wewe umefika na kukuta watu 500 mbele yako. Ikiwa safu ni moja, utangoja nusu saa. Sasa tuseme nafasi 800 katika kila saa zimetengwa kwa wenye karatasi za kutangulia. Zilizobaki kwa safu ya kawaida ni 200 tu. Ikiwa watu walio mbele yako katika safu hiyo ni wale wale 500, utangoja saa mbili na nusu. Ni kweli kuwa baadhi ya watu watahamia upande wa pili, na safu yako itapungua. Lakini tazama jambo lililo kubwa: gari halikuongezewa hata kiti kimoja. Dakika alizookoa aliyetangulia hazikuumbwa na mashine. Zimetoka katika mfuko wa aliyebaki nyuma.

Maadamu karatasi zilitolewa bure na kwa kipimo, mtu aliweza kusema kuwa kila mmoja ametangulia hapa na kutanguliwa pale, mizani ikalingana. Hata hivyo mizani hiyo haikuwa sawasawa kabisa. Aliyejua siri za bustani na aliyeamka mapema alipata karatasi nyingi. Mgeni wa mara ya kwanza, asiyejua lolote, alikwisha siku yake safuni. Kufikia mwaka 2014 vikaratasi vya Florida vilikuwa vimeondolewa, na nafasi zikawa zinawekwa kwa simu na tarakilishi. Waliolala katika hoteli za kampuni waliruhusiwa kuchagua siku 60 kabla, na wengine siku 30. Hivyo mwenye kulipa kitanda cha ghali alianza kununua, pamoja na kitanda, mahali pa mbele.

Maradhi ya korona yalipofunga bustani hizo mwezi wa Machi 2020, utaratibu huo ulisimama. Uliporudi mwezi wa Oktoba 2021 ulikuwa na jina jipya na bei: dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na michezo michache iliyopendwa mno ikatozwa peke yake. Mwaka 2024 ulibadilishwa jina tena, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ikatangazwa tikiti ya juu kabisa, ya kutangulia mara moja katika kila mchezo wenye njia fupi bila kuchagua saa, ambayo bei yake ya siku moja iliweza kufika dola 449. Kilichoanza kama mtungi wa kila mtu kimekwisha kama behewa la daraja la kwanza. Imechukua miaka ishirini na mitano tu.

Tena penye bei na mlango wa kutangulia hapakosi hila. Mwaka 2013 gazeti moja la New York liliandika kuwa matajiri wengine walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao bustanini, ili waingie kwa mlango uliowekwa kwa ajili ya wasioweza kusimama safuni. Mwezi wa Oktoba mwaka ule kampuni ilibadili kanuni zake, na wenye ulemavu wa kweli wakapewa saa za kurudi badala ya kuingia papo hapo. Basi hila ya wachache iliwapunguzia raha wale ambao mlango ule ulikuwa wao kwa haki.

Nasi tukirudi nyumbani tutaona kuwa habari hii si ya Marekani peke yake. Gari la moshi la Madaraka lilipoanza kuwachukua abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwezi wa Juni 2017, watu walisongamana stesheni kutafuta tikiti. Baadaye ikawa mtu aweza kujiwekea nafasi kwa simu ya mkononi na kulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007. Madaraja yalikuwa mawili hapo mwanzo, na wote walifika pamoja. Katika Vituo vya Huduma, vilivyoanzishwa na Serikali mwaka 2013 na ambavyo Kakamega ina kimoja chake, mtu hupewa namba, akaketi mpaka aitwe. Na mwezi wa Desemba, wakati watu wa Magharibi waishio Nairobi wanapotaka kurudi kwao kwa Krismasi, aliyelipa nauli ya basi mapema hulala usingizi, na aliyechelewa huona nauli ikipanda na nafasi zikitoweka.

Je, ni vibaya kujiwekea nafasi? La, hasha. Kuweka nafasi ni tunda la busara; humfundisha mtu kuipanga siku yake, na humponya mgonjwa na mzee na taabu ya kusimama. Wala si kila kutangulia ni dhuluma. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hapangi safu hospitali, na hapana mtu mwenye akili atakayenung'unika. Chanjo ya korona ilipofika Kenya mwezi wa Machi 2021, wauguzi na waganga walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa, maana wao walisimama karibu na hatari kuliko wengine. Huku ni kutangulia kwa sababu ya haja.

Basi tunaweza kutambua funguo tatu za mlango wa mbele. Ufunguo wa kwanza ni haja, na huu hutolewa na huruma. Wa pili ni mpango, yaani kuwahi na kujiandikisha, na huu ni halali maadamu daftari la kujiandikisha liko wazi kwa kila mtu. Wa tatu ni fedha. Katika mambo ya anasa ufunguo wa tatu hauleti msiba. Asiyepanda gari la michezo leo hakupungukiwa na uhai. Lakini ufunguo huo huo ukiingizwa katika mlango wa hospitali ya umma, au wa shule, au wa ofisi itoayo vitambulisho, haununui raha tena. Unanunua haki ya mtu mwingine. Na mahali ambapo bei haikuandikwa ukutani, bali hutiwa mkononi kwa siri, ufunguo huo una jina lake, nalo ni rushwa. Bustani ya Florida, pamoja na yote tuliyoyasema, huandika bei zake wazi. Atoaye hongo kwa karani haandiki kitu.

Vijana msomao maneno haya mtakuwa kesho makarani, waganga, madereva na watawala. Mtakabidhiwa milango, na mbele ya kila mlango patakuwa na watu wanaongoja. Yamkini hamtaweza kuongeza viti, maana viti ni vichache katika dunia hii. Lakini mtaweza kuchagua kama aliye nyuma atajua kwa nini yuko nyuma, na kama sababu hiyo yaweza kutamkwa mbele yake bila haya. Huko chemchemini hapana askari wala mashine. Hata hivyo, mama aliyeacha mtungi wake gizani hurudi jua limekwisha panda, naye huukuta mahali alipouacha.